Hawa Hassan na bibi zetu wa Ufipa

Wadau, kuna mpishi aliyepata jina Marekani bila kujifanya anajua kuliko bibi zake. Hawa Hassan alizaliwa Mogadishu. Vita vikaitawanya familia: wakakimbilia kambi ya wakimbizi Kenya, na mwaka 1993, akiwa na miaka saba, akapelekwa Seattle bila mama yake. Mama akaishia Norway. Walikuja kuonana baada ya miaka 15. Hebu fikiria.

New York alifanya kazi ya uanamitindo, kisha akaanza kuuza sosi za Kisomali, akaziita Basbaas, yaani pilipili. Mwaka 2020 yeye na Julia Turshen wakatoa kitabu, In Bibi's Kitchen. Humo akina bibi wa nchi nane za upande wa Bahari ya Hindi, Tanzania ikiwemo, wanasimulia maisha na mapishi yao kwa majina yao.

Lakini kitabu kilifuata bahari, na Sumbawanga iko mbali nayo. Bibi wa Kifipa anajua intumba, yale matuta ya mviringo ambamo nyasi hufukiwa zioze na kurutubisha shamba. Anajua ulezi unavyogeuka uji, ugali na pombe. Wewe mwenye bibi Laela au Namanyere, umeshakaa naye jikoni na daftari?