Kabla ya kujenga ghala au yadi: uliza njia ya maji kwanza

Biashara ya mipakani inapokua, wengi wetu tunafika mahali pa kutaka kwetu: yadi ya kuegesha malori, ghala la kupokelea mzigo, au eneo la kupanga makontena. Dalali huja na habari njema. Kuna kiwanja kikubwa, kitambarare, karibu na barabara kuu, na bei yake ni nafuu kuliko viwanja vya jirani.

Ndugu mfanyabiashara, ukiona hivyo uliza swali moja kabla ya kutoa malipo ya awali: kwa nini hakijajengwa mpaka leo? Katika miji yetu mingi, ardhi tambarare na ya bei rahisi kando ya barabara kuu mara nyingi ni bonde ambalo mto hupumulia masika. Makala hii inaeleza namna ya kuitambua hatari hiyo, sheria zinasema nini, na nini cha kufanya ukishaamua kujenga.

Tumejifunza nini katika njia zetu

Wanaotumia Reli ya Kati nchini Tanzania wanakumbuka mafuriko ya Kilosa ya Desemba 2009 na Januari 2010. Reli kati ya Kilosa na Gulwe inapita bondeni, sambamba na mto, na maji yaliisomba. Usafiri wa treni ulisimama kwa miezi. Machi 2020 daraja la Kiyegeya, barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, lilikatika na malori ya kwenda bara na nchi jirani yakapanga foleni.

Kenya, usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani karibu na Mai Mahiu baada ya kalavati kuzibwa na magogo na udongo. Tuta lilipoachia, watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Somo kwa mjenzi ni kwamba tuta lenye kalavati dogo ni bwawa ambalo hakuna aliyekusudia kulijenga.

Maziwa nayo hupanda. Mei 2020 Ziwa Viktoria lilifikia kiwango kilichoipita rekodi ya mwaka 1964, na maji yakaingia kwenye gati, masoko na majengo ya pwani ya ziwa katika nchi zote tatu. Ziwa Tanganyika limepanda pia miaka ya karibuni, na mwaka 2024 maji yaliathiri bandari ya Bujumbura. Maji ya ziwa hayaondoki baada ya siku mbili kama ya mto. Yanaweza kukaa miezi.

Maana ya "mafuriko ya miaka 100"

Mhandisi akisema eneo lina mafuriko ya miaka 100, wengi huelewa kuwa yakija leo, hayaji tena mpaka wajukuu wazeeke. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi 1 kati ya 100 ya kupata mafuriko ya kiwango hicho au zaidi, hata kama yalikuja mwaka jana.

Tuchukue mfano wa mkopo. Umekopa benki kwa miaka 10 na kujenga mahali penye mafuriko ya miaka 20, yaani nafasi ya asilimia 5 kila mwaka. Uwezekano wa kufurika angalau mara moja kabla hujamaliza kulipa ni kama asilimia 40. Mwenye lori hawezi kukubali gari lenye nafasi ya asilimia 40 ya kufa injini kabla deni halijaisha, ila viwanja vya namna hiyo tunavinunua kila siku.

Sheria za ukingo wa mto na ziwa

Kila nchi ina umbali wake unaokatazwa kujengwa:

- Tanzania: mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.
- Kenya: kwa kanuni za maji, mita 6 hadi 30 kila upande, kutegemea upana wa mto.
- Uganda: kwa kanuni za mwaka 2000, mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa na mita 30 kwa mingine. Ufuko wa maziwa makubwa ni mita 200, mengine mita 100.
- Rwanda: mita 10 kutoka mto na mita 50 kutoka ziwa.

Kuwa na hati au kibali peke yake si kinga. Agosti 2018 majengo makubwa ya biashara yalibomolewa Nairobi kwa kuwa kwenye hifadhi ya mto, huku baadhi ya wenyewe wakisema walikuwa na vibali. Kigali nako, viwanda na maghala ya Gikondo yaliyokuwa ndani ya ardhi oevu yalitakiwa kuhama, mengi yakaelekezwa eneo maalum la kiuchumi la Masoro, na bonde likaanza kurudishiwa hali yake. Kwa hiyo umbali wa kisheria ni kiwango cha chini tu. Mto unaweza kufurika mita 300 huku sheria ikikudai 30.

Kagua kiwanja mwenyewe

1. Nenda wakati wa mvua. Kiwanja kilichoonekana Agosti si kile cha Aprili.

2. Ongea na wenyeji wa siku nyingi, hasa mama lishe, mlinzi na mzee wa mtaa. Waulize maji yalifika wapi mwaka 1997, wakati wa mvua za El Niño, na mwaka 2024. Wakuonyeshe kwa mkono ukutani.

3. Tazama alama: mstari wa tope kwenye kuta, takataka zilizonasa kwenye uzio na matawi, matete na mafunjo, ardhi nyeusi inayopasuka kiangazi.

4. Fuata mfereji hadi mwisho wake. Mtaro unaoishia kwa jirani utakurudishia maji.

5. Ulizia ramani na kumbukumbu za mto katika ofisi ya bonde au mamlaka ya maji ya nchi husika, na umpe mpimaji kazi ya kuchukua vimo vya kiwanja. Gharama hiyo ni ndogo ukilinganisha na bei ya mzigo wa kontena moja ulioloa.

Ukishaamua kujenga

Maji yako mwenyewe. Yadi ya hekta 1 ikimwagwa zege, mvua ya milimita 50 inatoa lita 500,000 za maji. Ni matangi zaidi ya 12 ya lita 40,000 yakimwagwa getini kwako kwa saa chache. Zamani udongo ulikunywa sehemu ya maji hayo, sasa yote yanatafuta pa kwenda. Tenga nafasi ya bwawa la kuyapokea na kuyaachia polepole.

Kifusi. Kuinua kiwanja kwa kifusi kunakuokoa wewe na kumzamisha jirani, na kesi itafuata. Mhandisi aonyeshe kwanza maji yatapita wapi baada ya kuinua.

Kalavati la getini. Bomba la sentimita 90 lina nafasi ya kupitisha maji zaidi ya mara mbili ya lile la sentimita 60. Usibane hapo. Kisha lisafishwe kabla ya vuli na kabla ya masika.

Sakafu ya ghala. Ukiinua sakafu hadi usawa wa bodi la lori, kama mita 1.2, unarahisisha upakiaji na unapata kinga kwa mpigo mmoja. Swichi na nyaya za umeme zipite juu, si chini ukutani.

Vinavyoelea. Tangi la mafuta lililo tupu huelea, kwa hiyo lifungwe kwenye zege. Kontena tupu la futi 20 lina uzito wa tani 2 na ushei. Ikiwa milango imefungwa vizuri, maji yasiyofika goti yanaweza kulinyanyua na kulisukuma kwenye ukuta wako au magari ya wateja.

Njia ya kutokea. Weka mahali pa juu pa kupeleka malori, na dereva wa zamu ajue funguo ziko wapi saa nane usiku.

Bima ya mzigo

Hapa wengi huumia. Katika masharti ya kimataifa ya bima ya mizigo, kundi A ndilo pana zaidi. Kundi B linataja maji ya bahari, ziwa au mto yanayoingia kwenye chombo, kontena au ghala. Kundi C, ambalo ndilo la bei rahisi, halitaji hayo. Pia bima ya safari hulinda mzigo ulio safarini. Ukiuhifadhi yadini kwa hiari yako kusubiri bei ipande, safari inaweza kuhesabiwa imekwisha. Ghala na yadi viwe na bima yake, na neno mafuriko liandikwe wazi.

Neno la mwisho

Kabla ya kusaini, jumlisha bei ya kiwanja, kifusi, mitaro, bwawa na bima. Mara nyingi utakuta kile kiwanja cha bondeni kimepita bei ya kile cha mlimani ulichokiona ghali. Kama bado ni nafuu, jenga, lakini jenga ukijua mto una njia yake na siku moja utaitumia.