Kumbukumbu ya Kompyuta na Kufunguliwa kwa Kasha

Kompyuta ya mezani ambayo IBM iliitoa nchini Marekani mnamo Agosti 1981 ilisanifiwa ikitarajiwa kufunguliwa, kwani kasha lake la chuma lilishikwa kwa skrubu za upande wa nyuma, na ubao mkuu, yaani ule unaobeba kichakataji na saketi zake, uliachiwa soketi tupu za kuongezea kumbukumbu, ambayo ndiyo sehemu inayohifadhi data wakati kompyuta inafanya kazi na kuipoteza umeme unapozimwa. Mashine ya bei nafuu kabisa ilikuwa na kilobaiti 16 tu, na ubao huo ungeweza kufikishwa kilobaiti 64.

Kufungua kasha kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa ndani. Kumbukumbu iliuzwa kwa chipu mojamoja zenye miguu 16, na kila safu ilihitaji chipu 9, yaani 8 za data na moja ya kubeba biti ya uhakiki, ambayo iliiwezesha mashine kutambua kwamba data imeharibika. Miguu ya kila chipu ilipaswa kulenga matundu ya soketi kabla ya kukandamizwa kwa kidole gumba, na mguu mmoja ukijikunja chini ya chipu pasipo kuonekana, safu nzima ilikuwa haina kazi. Hata zilizokaa sawasawa hazikutulia, kwa sababu joto la kuwashwa na ubaridi wa kuzimwa vilizisogeza kidogokidogo hadi zikalegea, ndiyo maana mafundi walizoea kuzikandamiza upya zote kabla ya kutafuta ubovu mwingine.

Historia za kompyuta hupenda kuhesabu kasi na ujazo, ilhali mageuzi yaliyomfaa zaidi mwenye mashine yalikuwa ya umbo. Mnamo 1983 kampuni ya Wang Laboratories, ambayo mwanzilishi wake, An Wang, alikuwa ameiuzia IBM hataza ya kumbukumbu ya sumaku mwaka 1956, iliomba hataza ya kibao chembamba kilichopachikwa chipu zote 9, kikachomekwa kwa mkupuo mmoja. Apple, kwa upande wake, iliitoa Macintosh ya 1984 ikiwa na kilobaiti 128 zilizolehemiwa kwenye ubao, ndani ya kasha lililofungwa kwa skrubu zenye vichwa vya nyota, ambazo bisibisi ya kawaida haikuzifungua. Vibao vya baadaye vilikatwa pengo ukingoni, na pengo hilo likahamishwa kila kizazi kipya kilipotoka, ili kibao kisichofaa kigome kuingia kabla hakijapitishiwa umeme.