Margaret Oliphant: Kalamu na Deni

Kila nikisikia kwamba mwandishi wa kweli hafikirii pesa, namkumbuka Margaret Oliphant. Mskochi huyu alizaliwa 1828 huko Wallyford, na riwaya yake ya kwanza ilitoka 1849. Miaka kumi baadaye mumewe Frank, msanii wa vioo vya rangi, alifia Roma kwa kifua kikuu. Akamwachia watoto wawili, ujauzito na deni la kama pauni 1,000.

Basi mama akashika kalamu. Jarida la Blackwood's la Edinburgh likawa shamba lake: alilima humo makala zaidi ya 200. Riwaya zake zilipita 90. Kaka yake alipofilisika, akabeba na watoto wa kaka. Wanawe walisoma Eton, na karo ilitoka kwenye wino huohuo.

Kinachoniuma ni swali alilojiuliza mwenyewe: je, angepata utulivu kama wa George Eliot, angeandika vizuri zaidi? Swali hilo limo katika tawasifu yake, iliyotoka 1899, miaka miwili baada ya kifo chake. Watoto wake wote walikuwa wamemtangulia kaburini.

Mimi nami naishi kwa makala, kwa hiyo sina ubavu wa kumhukumu. Ila someni Miss Marjoribanks ya 1866. Lucilla, binti wa daktari, anautawala mji mzima kutoka sebuleni kwa baba yake, na kila ukurasa una kejeli tamu. Deni lilimharakisha, sawa. Kipaji halikukigusa.