Mafunzo elekezi: wiki ya kwanza ya kozi ya mtandaoni

Wanafunzi wa vyuo vya afya nchini Kenya huziita siku zao za kwanza chuoni orientesheni. Neno hilo limetujia kutoka Kilatini kupitia Kiingereza, na shina lake ni mashariki, upande jua linakochomoza, ambako makanisa mengi ya kale ya Ulaya yalielekezwa. Mswahili hahitaji kwenda mbali ili alielewe wazo hilo, maana anajua kibla ni nini. Tafsiri iliyozoeleka, hasa Tanzania ambako watumishi wapya wa umma na viongozi wapya hupewa siku kadhaa za kufundishwa wajibu wao, ni mafunzo elekezi. Naiona kuwa istilahi bora kuliko nyingine zinazotumiwa mahali pake, na ubora wake haukomei kwenye usanifu wa lugha. Inamwambia mwalimu afanye nini, na katika kozi za afya zinazosomwa kwa mtandao huko Lodwar na Kakuma, agizo hilo lina uzito wa pekee.

Tuzitazame kwanza zile nyingine. Utangulizi ni wa kitabu. Msomaji anaweza kuuruka na asikose kitu. Utambulisho ni wa watu kujuana majina. Mafunzo ya awali yanachanganya, kwa kuwa elimu ya awali ni ya watoto ambao hawajaingia darasa la kwanza. Mafunzo elekezi yamebeba mambo mawili ambayo hakuna kati ya hizo iliyo nayo yote mawili. La kwanza ni mafunzo: pana maarifa ya kupatikana, na kwa hiyo pana njia ya kupima kama yamepatikana. La pili ni kitenzi elekeza. Kuelekea ni kazi ya anayesafiri. Kuelekeza ni kazi ya anayeijua njia. Sarufi yenyewe imekwisha kuuweka mzigo begani mwa chuo. Mwanafunzi aliyetumiwa kiungo na nywila kisha akaachwa peke yake amepewa ruhusa ya kuingia, lakini hajaelekezwa.

Turudi Lodwar na Kakuma. Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, ina kampasi ya KMTC, chuo cha serikali kinachofundisha wauguzi, maafisa wa kliniki na wahudumu wengine wa afya. Kakuma iko umbali wa kilomita 120 hivi kuelekea kaskazini-magharibi, na kambi yake ya wakimbizi, iliyofunguliwa mwaka 1992, ina watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Katika kambi hiyo Chuo Kikuu cha Geneva, kupitia kitengo chake cha InZone, kimewahi kuendesha kozi ya msingi ya tiba kwa wakimbizi, wakufunzi wengine wakiwa Uswisi na wengine wakiwa papo hapo kambini. Mpangilio huo unafunza jambo kubwa: hata kozi iliyobuniwa kwa ajili ya umbali ilihitaji mtu wa kukaa na mwanafunzi ana kwa ana. Kabla ya hapo, mwaka 2005, shirika la afya la AMREF na Baraza la Wauguzi la Kenya walikuwa wameanzisha mpango wa kuwapandisha wauguzi wapatao 22,000 kutoka cheti hadi diploma kwa njia ya kompyuta. Walengwa walikuwa watu wazima walio kazini, na wengi walisomea uuguzi kabla kompyuta hazijaenea vyuoni. Kwa watu kama hao, kuelekezwa namna ya kusomea kwenye kompyuta ni somo la kwanza la kozi.

Wapo watakaosema kwamba kizazi cha leo kimekulia kwenye simu, basi siku za kukielekeza ni siku za kupoteza, na heri saa hizo zipewe anatomia. Ni kweli kwamba kijana wa Lodwar anaijua WhatsApp kuliko mwalimu wake. Lakini ujuzi huo haumfundishi kupakua video ya somo pale mtandao ulipo ili aitazame baadaye bila bando, kupunguza ukubwa wa faili kabla ya kuituma, wala nani wa kupigiwa simu stima ikipotea katikati ya mtihani. Muhimu zaidi, mazoea ya simu yanaweza kumponza. Mwanafunzi wa tiba anayepiga picha ya kidonda na kuituma kwenye kundi la darasa amegusa siri ya mgonjwa, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa miongoni mwa data nyeti. Jambo hilo lifundishwe kabla ya somo la kwanza, kwa sababu picha ikishasambaa haiwezi kurudishwa. Machi 2020, Kenya ilipofunga shule na vyuo kwa ajili ya korona, masomo ya nadharia yalihamishiwa mtandaoni kwa haraka ambayo haikuacha nafasi ya maandalizi kama hayo. Leo hakuna dharura ya namna hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni la lugha. Kozi hizi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza; istilahi ya Kiswahili itamfaa nani? Itamfaa kwanza mkufunzi wa kituoni, ambaye ufafanuzi wake, mwanafunzi anapokwama, mara nyingi huwa kwa Kiswahili, lugha ambayo Mturkana na Mkongomani wanaweza kukutana humo hata kama kila mmoja anaizungumza kwa namna yake. Itamfaa pia mwanafunzi ambaye kesho atamweleza mgonjwa namna ya kutumia dawa, naye mgonjwa hatamjibu kwa Kiingereza cha kitabuni. Sisemi orientesheni lifutwe vinywani. Maneno ya mkopo yana haki yake, na wanafunzi wataendelea kulisema. Ninachotaka ni kwamba katika ratiba, pale panapoandikwa siku ya ufunguzi na hotuba, paandikwe mafunzo elekezi, yakiwa na saa zake, mkufunzi wake na jaribio lake, na kwamba asiyelifaulu asaidiwe hadi alifaulu kabla hajafunguliwa somo la kwanza.