Jinsi ya kumpata mtoa tiba kwa vitendo mwenye leseni

Mama, huenda mtoto wako amechelewa kukaa, au mkono wake mmoja umekunja ngumi muda wote, au anapaliwa kila unapomlisha. Huenda pia umeambiwa kliniki kwamba anahitaji mtoa tiba kwa vitendo. Hospitalini utasikia wakimwita kwa kifupi OT. Hapa tunaeleza anafanya nini, unampataje ukiwa Mirongo, na unajuaje kwamba aliye mbele yako ana leseni.

Anafanya nini?

Wengi wanamchanganya na mtaalamu wa fiziotherapia, na si ajabu, kwa sababu mara nyingi wako idara moja ya utengemao. Fiziotherapia inaangalia zaidi misuli, viungo na kutembea. Mtoa tiba kwa vitendo anaangalia shughuli za kila siku: kula, kuvaa, kuoga, kucheza, kushika kalamu. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo atakuonyesha namna ya kumkalisha wima wakati wa kula ili uji usiingie kwenye njia ya hewa. Atazungushia kitambaa mpini wa kijiko uwe mnene, mtoto aweze kuushika. Atakwambia umvalishe shati kuanzia mkono ulio dhaifu. Kazi kubwa utaifanya wewe nyumbani, kwa vitu ulivyo navyo.

Pa kuanzia

Anzia kliniki ya mtoto uliyoizoea, ukiwa na kadi yake. Mweleze muuguzi unachokiona nyumbani, kisha omba rufaa ya maandishi. Kutoka Mirongo hospitali kubwa mbili ziko karibu: Sekou Toure, ambayo ni ya rufaa ya mkoa, na Bugando kule mlimani, ambayo ni ya kanda. Usipande mlima na mtoto mgongoni kabla hujauliza kama mtaalamu yupo na anaona watoto siku gani. Kwa sera ya serikali, mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi katika vituo vya umma. Bugando ni ya Kanisa Katoliki kwa ubia na serikali, kwa hiyo uliza gharama mapema. Ukikwama, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini.

Wataalamu hawa ni wachache nchini. Wengi wao wamesoma KCMC, Moshi. Uchache huo ndio unaowapa nafasi watu wa chumba cha kupanga na bango la rangi.

Mama mmoja anayeishi karibu na mto alimpeleka mwanawe kwa mtu wa namna hiyo, "ananyoosha mikono". Akalipa wiki baada ya wiki. Kisha akaambiwa aache dawa za kifafa ili mazoezi yafanye kazi. Mtoto aliletwa kwetu usiku, degedege haikatiki. Alipona, lakini alipoteza miezi ambayo angeweza kufundishwa kula. Nilimuuliza mama kwa nini alimwamini yule mtu. Akasema ukutani palikuwa na karatasi mbili kwenye fremu. Zilikuwa leseni ya biashara na cheti cha semina. Zote mbili halali, na hakuna iliyomruhusu kutibu mtoto.

Karatasi ipi unaitafuta?

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya mwaka 2017 inayohusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi inawaweka watoa tiba kwa vitendo chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Jina linasema madaktari, lakini baraza hilo husajili na kada nyingine. Unachotafuta ni vitu viwili kutoka huko: cheti cha usajili, na leseni ya kufanya kazi ambayo bado haijaisha muda. Ya pili ndiyo watu wanaisahau. Soma tarehe ya mwisho.

Karatasi nyingine zinathibitisha mambo mengine. Ya BRELA inaonyesha kampuni au jina la biashara limesajiliwa. TIN ni ya kodi. Cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ni cha waganga wa tiba hizo. Stashahada ya chuo inaonyesha amesoma, basi. Hata mgeni aliyekuja kujitolea kutoka Ulaya anatakiwa awe na usajili wa muda, na mwanafunzi lazima awe na msimamizi.

Namna ya kuhakiki

Muombe jina lake kamili na namba ya usajili, uziandike. Ingia kwenye tovuti ya Baraza na utafute jina hilo. Angalia kada iliyoandikwa, maana mtu anaweza kuwa na leseni halali ya kazi nyingine kabisa. Jina lisipoonekana, usimtuhumu kabla hujapiga simu Baraza au kuuliza ofisi ya Mganga Mkuu wa Jiji. Huenda herufi zimekosewa. Ila mtoto asubiri mpaka upate jibu.

Najua kuuliza kunaona haya. Sema hivi: "Samahani, kliniki wameniambia niandike namba yako ya usajili kwenye daftari la mtoto." Mwenye leseni atakutajia bila shida. Mwaka 2017 serikali ilipohakiki vyeti vya watumishi wake, karibu watu 10,000 walikutwa na vyeti vya kughushi, kwa hiyo hata wakubwa wanauliza.

Ondoka ukiona haya

Ameanza kumvuta mtoto viungo bila kumchunguza wala kukuuliza anakulaje na analalaje. Anaahidi kumponya mtindio wa ubongo. Anakutoa nje na kufunga mlango. Anataka malipo ya miezi mingi kwa mkupuo, bila risiti. Anachoma sindano. Na kubwa kuliko yote, anakuambia uache dawa ya daktari. Dawa za kifafa haziachwi ghafla, na degedege inayozidi dakika tano ni ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

Kama mtoto ameumizwa, mpeleke kwanza akatibiwe. Kisha toa taarifa kwa Baraza na ofisi ya Mganga Mkuu, au piga 116, simu ya watoto.

Kama huna simu ya intaneti, njoo kliniki na jina na namba ulivyoviandika. Tutatafuta pamoja, na leta na daftari la mtoto tuandike jibu humo.