Safu ya Lugha: Hofu si Wasiwasi

Feri ya Mtongwe, Mombasa, ilipozama Aprili 29, 1994, abiria walishikwa na hofu: hatari ilikuwa mbele ya macho. Anayesita leo kupanda feri Likoni, bahari shwari, ana wasiwasi, neno la Kiarabu lenye asili ya mnong'ono wa shetani moyoni. Woga, lenyewe la Kibantu, ni tabia ya mtu.

Wapo wasemao mwilini yote ni mamoja. Lakini mwaka 1998 panya waliozalishwa bila kipokezi cha CRF1, kinachopokea ubongoni kichocheo cha msongo, walithubutu zaidi kwenda penye mwanga na uwazi. Paka hakuwepo; kilichopungua ni wasiwasi. Waandishi wa habari za afya, msiandike "hofu" hapo.