Eugenia Herbert na jinsia ya tanuri la chuma

Eugenia W. Herbert, mwanahistoria wa Marekani aliyefundisha Chuo cha Mount Holyoke, Massachusetts, ni miongoni mwa walioingiza suala la jinsia katika historia ya teknolojia ya Afrika. Hakuanzia huko, kitabu chake cha 1961 kilihusu wasanii wa Ufaransa na Ubelgiji. Mwaka 1984 alitoa Red Gold of Africa, juu ya shaba, na 1993 Iron, Gender, and Power, kilichomjengea jina.

Watafiti wengi waliotangulia walipima udongo, mivukuto na joto, wakaiweka miko kando kama ushirikina. Herbert aliihesabu miko kuwa sehemu ya ufundi wenyewe. Katika jamii nyingi tanuri lilikuwa mwanamke. Wafipa wa Rukwa walilipamba kama bibi harusi. Myeyushaji alijitenga na mkewe mpaka kazi iishe, na mwanamke aliye hedhini hakulisogelea tanuri. Kwa Herbert, wanaume walijitwalia uwezo wa kuzaa huku wakiwafungia nje wenye uwezo huo. Hata ufinyanzi, kazi ya moto iliyo mikononi mwa wanawake, aliukuta una miko yake. Hapo ndipo hoja yake inapopata uzito, maana haiishii kwenye wivu wa wanaume juu ya uzazi.

Ushahidi wa karibu na Geita, eneo la machimbo ya dhahabu nchini Tanzania, ni Warongo, wayeyushaji wa kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria. Mwaka 1996 mwanaakiolojia Peter Schmidt alionyesha kuwa hawakuwa ukoo mmoja. Walikuwa chama cha kazi chenye watu wa asili mbalimbali. Chini ya tanuri walichimba kishimo cha dawa za uzazi kabla ya kupakia mawe ya chuma. Chama kisichozaa wanachama wake kwa damu kilihitaji lugha ya uzazi kuliko ukoo wowote, na hilo linaongeza jambo kwenye nadharia ya Herbert.

Matanuri yamezimika, dhahabu imechukua nafasi. Katika machimbo mengi ya wachimbaji wadogo mwanamke bado anazuiwa kushuka duarani, yaani kwenye shimo la mgodi, eti dhahabu itatoweka; yeye anaponda mawe, anachekecha, au ni mama lishe. Tusikimbilie kuiita miko hiyo urithi wa Warongo, kwani machimbo yanakusanya watu wa kila pembe ya nchi. Sheria ya Madini ya 2010 haimnyimi mwanamke leseni, na wapo wanaomiliki maduara na kuwalipa wanaume washuke.